Jibu la Nyemo

Paulina alifariki Jumatano saa nne asubuhi, na Joel akaendelea kupima mahindi mpaka saa sita. Simu yake ilikuwa ndani ya koti, koti limetundikwa kwenye msumari wa kibanda cha mizani, na sokoni Kibaigwa wakati wa mavuno hakuna anayesikia simu. Malori yananguruma, madalali wanaitana, wabebaji wanapiga mluzi wapishwe njia. Alipochukua koti aende kula, alikuta amepigiwa mara kumi na tisa, zote kutoka kwa mama mkwe wake. Hakupiga. Alikaa juu ya gunia, akaishika simu kwa mikono miwili mpaka ilipoita mara ya ishirini, ndipo akapokea.

Kilichomkaa moyoni baadaye ni zile saa mbili. Kwa saa mbili nzima mkewe hakuwepo tena duniani, na yeye alikuwa anabishana na mnunuzi kutoka Morogoro juu ya gunia la lumbesa lililojazwa mpaka likaota kilemba. Alishinda ubishi ule. Alicheka, hata.

Walimzika Ijumaa huko Mvumi, nyumbani kwa kina Joel. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Madaktari walisema moyo ulikuwa umepanuka, ndiyo maana maji yalikuwa yanajaa kwenye mapafu. Yalitolewa, yakajaa tena. Mtoto hawakujaliwa. Mama yake Paulina, Dorkasi, aliyekuwa ametoka Haneti kuja kumuuguza miezi mitatu ya mwisho, alikaa Mvumi mpaka matanga yalipoanuliwa. Siku hiyo vitu vya marehemu viligawiwa: kanga, viatu, sweta la bluu, masufuria mawili makubwa. Kila kitu kilipata mtu. Sauti yake haikugawiwa, kwa kuwa haikuwa pale. Ilikuwa mjini Dodoma, kwa Fahadi.

Fahadi na Joel walikaa dawati moja sekondari. Joel alikuwa mtoto wa mkulima wa Mvumi, Fahadi mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja na misafara zamani wakaoa na kubaki. Joel aliishia kidato cha nne. Fahadi aliendelea mpaka chuo kikuu, akasomea kompyuta, na alipokosa ajira alijifungia chumba cha uani kwa baba yake mzee Bushiri, akaanza kutengeneza gemu la kuchezwa kwenye simu. Mchezaji anakuwa kiongozi wa msafara wa wapagazi, anavuka nyanda kavu kutoka kisima hadi kisima, na kila anapofika lazima azungumze na watu ili apewe maji. Anachosema ndicho kinachoamua atavuka au atafia njiani. Aliliita Njia ya Visima.

Huyu Fahadi ndiye aliyekuwa mshenga wa Joel. Wazee wa Mvumi walinung'unika kwamba posa ya Wagogo inapelekwa na mtoto wa Kiislamu wa mjini, lakini Joel alisema hana rafiki mwingine mwenye ulimi. Fahadi alikwenda Haneti asubuhi, alirudi jioni, na kabla hajamaliza soda aliyopewa alisema, "Bwana, amekubali. Hata sikumaliza maneno." Joel alikuwa akiisimulia habari hiyo kwenye kila harusi aliyoalikwa.

Walipokuwa wameoana miaka minne, Fahadi alikuja nyumbani kwao, mtaa wa Nkuhungu mjini Dodoma, siku ya Jumapili, kuomba sauti. Paulina alikuwa mwalimu wa chekechea na ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani.

"Shemeji, nina msichana kisimani," Fahadi alisema. "Anaitwa Nyemo. Nimemtafutia sauti, wote wananiletea Kiswahili cha redioni."

"Huyo Nyemo anafanya nini?"

"Anateka maji. Na mchezaji anaweza kumpenda."

Joel aliacha kutafuna. "Kumpenda wapi? Mtu ana kiu, punda wawili wamekufa, wapagazi wanataka kutoroka, halafu asimame kisimani kutongoza? Unaharibu safari, kaka."

"Gemu zote kubwa zinayo mapenzi."

"Ndipo zinapoharibikia. Unampa msichana shanga tatu, unampa asali, moyo unajaa juu ya kichwa chake kama betri. Ukijaa, anakupenda. Hayo ni mapenzi au ni duka?"

"Na wewe ulipokuja Haneti kununua karanga," Paulina aliuliza, "ulikuwa huna safari?"

Fahadi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mwambie, shemeji. Gunia moja la karanga alilifuata mara tano."

"Karanga zilikuwa hazijakauka," Joel alisema.

"Mimi naona yawepo," Paulina alisema, na sasa alikuwa hatanii. "Bila hayo, kisima cha Nyemo ni bomba tu. Mtu anajaza, anapita. Akiwa amempenda, kisima kikikauka kitamuuma. Lakini shanga na asali zitoke. Hapa kwetu nani anajiposea? Atume mshenga kutoka kwenye wapagazi wake. Mshenga aende kwa shangazi yake Nyemo, shangazi amuulize msichana, na mchezaji asubiri nje kama watu wote."

"Atachoka kusubiri, ataizima simu," Joel alisema.

"Basi huyo hakuwa anampenda."

Ndivyo ilivyokuwa. Paulina aliandika upya maneno yote ya Nyemo kwenye daftari la chekechea, sentensi sitini na nne, na akawa anazirekodi moja moja kwa simu yake, chumbani, amejifunika blanketi kichwani ili kelele za nje zisiingie. Joel akirudi Jumamosi kutoka Kibaigwa anakuta kichuguu cha blanketi katikati ya kitanda kinaongea. Alikuwa akisimama mlangoni akingoja kimalize. Hakuwahi kucheza njia ile ya mapenzi. Kila Fahadi alipomletea toleo jipya alijaza maji, akalipa ushuru, akapita, kisha akamwambia mkewe kwa kumchokoza kwamba Nyemo wake amemwacha na ndoo mkononi.

Ugonjwa ulipoingia, kurekodi kukawa kwa shida. Sentensi ya sitini na tatu ilichukua wiki mbili. Iliyobaki ni ya mwisho, pale ambapo shangazi anamuuliza Nyemo, naye anajibu. Fahadi aliiulizia mara tatu, na mara zote tatu Paulina alisema, "Hiyo nitaisema mwisho, nikipata pumzi." Hakuipata.

*

Miezi miwili baada ya matanga, Fahadi alimtumia Joel ujumbe. "Kaka, gemu limekamilika. Safari hii pita kwa Nyemo. Fika mpaka mwisho. Ipo."

Joel alisoma neno lile la mwisho mara nyingi. Ipo. Alidhani labda Paulina aliirekodi bila kumwambia mtu, labda hospitalini, labda siku moja kati ya zile ambazo yeye alikuwa kwenye mizani.

Alicheza saa za mchana, wakati wa kula, ameegemea tairi la lori lililokuwa linangoja zamu ya kupakiwa. Wenzake walidhani anaangalia mpira. Hakuwa na ujuzi. Alipoteza wapagazi wanne, alilipa ushuru mara mbili mahali pamoja, lakini alifika kisimani, akatua mizigo, na kwa mara ya kwanza alibonyeza "Mwamkie" badala ya "Jaza maji".

"Mmetoka mbali," Paulina alisema sikioni. "Wekeni chini kwanza. Maji hayakimbii."

Alilazimika kuivua ile waya ya masikioni na kutembea mpaka kwenye choo cha soko na kurudi.

Kila siku alijipa sentensi tatu, zisimwishie. Alijifunza kuzitambua. Kwenye moja kulikuwa na jogoo wa jirani. Kwenye nyingine mlango ulifungwa kwa mbali na mtu akakohoa, na huyo mtu alikuwa yeye mwenyewe, Joel, mzima, ana mke. Kuanzia ya hamsini pumzi ilianza kusikika. Fahadi alikuwa ameacha ile mivuto ya hewa katikati ya maneno, na kwenye gemu ilikuwa kana kwamba Nyemo amepandisha ndoo kutoka chini sana.

Aligundua kitu kingine ambacho hakukitegemea. Kisima kilikuwa kinapungua. Kila alipokaa siku moja zaidi kusubiri mshenga, maji yalishuka, na wapagazi walimlaumu. Zamani angeondoka zake. Sasa alikaa. Aliwapunguzia wapagazi maji ili asiondoke, na mmoja akafa, na bado alikaa. Paulina alikuwa amesema kitamuuma, na kilikuwa kinamuuma.

Ijumaa moja mshenga aliingia nyumbani kwa shangazi. Shangazi akauliza, "Umeyasikia ya mshenga. Unasemaje?"

"Nimekubali, shangazi. Nilikubali tangu siku ile ya kwanza pale kisimani, sema sikuulizwa."

Joel aliirudia mpaka simu ikaishiwa chaji. Mchana ule alipima magunia mia moja na kitu na hakukumbuka hata moja. Wiki nzima alitembea nayo. Alilala. Alikula. Mwenzake wa mizani, Eliakimu, alimwambia, "Leo umenyoa ndevu," na Joel akamwambia ndiyo, amenyoa.

*

Jumamosi iliyofuata alipanda basi mpaka Haneti. Mama mkwe wake alikuwa uani anapeta mtama. Joel alichuchumaa mbali kidogo, kama ilivyompasa, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Mama, nimekuletea kitu. Ni Paulina."

Bibi Dorkasi aliweka ungo chini. Joel alimweleza polepole habari za gemu, za Nyemo na za mshenga, kwa sababu hakutaka adhani ni mambo ya uchawi. Mama alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha Joel aliweka simu juu ya kigoda katikati yao na kubonyeza zile za mwanzo. Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Machozi yalimtoka lakini alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndiyo, ni yeye. Joel akabonyeza ile ya hamsini na tano, na ile ya sitini na tatu. Akabonyeza ya mwisho.

Mama aliacha kutikisa kichwa.

"Rudia."

Akarudia.

"Hii aliisema lini?"

"Ndiyo ya mwisho kabisa, mama. Siku zile za hospitali, nadhani."

Kuku alikuja akadonoa mtama kwenye ungo, na hakufukuzwa.

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Nilikuwa namlisha uji. Siku zile Paulina akiomba maji anasema 'mama', anapumzika, anasema 'maji'. Huyu amesema yote hayo kwa pumzi moja." Aliisogeza simu kwa kidole mpaka upande wa Joel. "Huyu ana mapafu mazima."

"Labda ni ya zamani. Labda aliirekodi kabla hajaugua."

"Kama ni ya zamani, mbona hukuniambia ni ya zamani?"

Mama alichukua ungo wake. Alipeta mara mbili, akasimama. "Usinirudishie tena huyo," alisema, bila ukali. "Wale wengine unaweza kuniletea. Huyo hapana."

*

Fahadi hakukataa. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta zake katika kile chumba cha uani, na Joel alipouliza tu kabla ya kukaa, aligeuza kiti.

"Ni mashine," alisema. "Unaipa sauti ya mtu, inajifunza. Niliipa zile sitini na tatu. Zilitosha. Nikaiandikia maneno, ikayasema."

"Maneno yapi? Ya daftarini?"

"Daftarini palikuwa na 'Nimekubali, shangazi'. Hayo mengine nimeongeza mimi."

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuona msibani, Joel. Nilitaka upate kitu. Na gemu nalo lilikuwa halina mwisho, sikufichi. Lakini kwanza ni wewe. Mimi nilikuwa mshenga wako. Mshenga harudi mikono mitupu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja kazi aliyoifanya vizuri. Joel, aliyekuwa amekuja na maneno makali tangu stendi, aliyasahau yote. Kitu kingine kilikuwa kimemjia, na kilikuwa baridi.

"Ile siku ya Haneti," alisema. "Uliniambia hata hukumaliza maneno."

Fahadi alichukua kalamu mezani, akaifunga kifuniko chake, akakifungua.

"Fahadi. Alisema nini?"

"Hayo ni ya zamani, kaka."

"Alisema nini?"

"Tulikuwa sebuleni. Mimi, mjomba wake, na shangazi yake yule Angelina, Mungu amrehemu. Paulina aliitwa. Alikaa kwenye mkeka, alikuwa na ungo wa karanga, akawa anazichambua. Shangazi akamuuliza, umemsikia mgeni, unasemaje? Akaendelea kuchambua. Akaulizwa tena. Akainama zaidi. Shangazi akacheka, akasema huyu amekubali, ameona haya. Mjomba akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia."

"Hakusema kitu."

"Wasichana wangapi wanasema? Wewe mwenyewe unajua. Wote tunajua ndivyo inavyokuwa."

"Mimi nilijua alisema."

"Nilikuta umekaa kwenye ngazi za duka tangu saa sita unanisubiri," Fahadi alisema. "Ningekuletea nini? Ningekuambia alichambua karanga?"

"Ndiyo," Joel alisema. "Ungeniambia hivyo."

Uani mtu alikuwa anasugua masufuria. Joel alijaribu kuikusanya miaka sita aliyoishi na Paulina, akaikuta imejaa vitu. Paulina alimtengea maji ya kuoga. Alimcheka. Alimnunia wiki nzima Joel alipouza redio. Alimshonea kile kiraka cha koti. Alikuwa akimngoja Jumamosi, na chai ilikuwa tayari. Katika vyote hivyo hakuona hata kimoja ambacho mwanamke aliyeozwa kwa kunyamaza asingeweza kukifanya pia. Alikumbuka Paulina alivyoiahirisha ile sentensi mara tatu. Nikipata pumzi, alisema. Sentensi ya maneno mawili. Wiki ileile alikuwa amesema nyingine ya maneno tisa.

Labda ilikuwa pumzi. Hilo nalo liliwezekana. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

"Itoe," alisema.

"Nikiitoa, njia nzima haina mwisho. Mtu asubiri siku zote hizo, wapagazi wamfie, halafu mlango usifunguliwe? Watasema limeharibika."

"Tafuta msichana mwingine aiseme."

"Mtu mmoja sauti mbili? Watasikia."

"Basi azirudie zote."

Fahadi alimtazama. "Paulina atoke kabisa?"

"Atoke."

"Au tutoe mapenzi," Fahadi alisema haraka. "Kama ulivyotaka tangu mwanzo. Nyemo abaki wa kuteka maji tu, sentensi kumi za Paulina zitabaki palepale. Ulisema yanaharibu safari."

Joel aliangalia kioo. Nyemo alikuwa amesimama pale na ndoo, anasubiri mtu abonyeze.

"Usiyatoe," alisema. "Alikuwa sahihi. Bila hayo ni bomba tu. Mimi nilikaa pale mpaka mpagazi akafa."

"Sasa kwa nini—"

"Kwa sababu atakayekuja kucheza atataka jibu, na wewe utampa. Mpe. Lakini lisiwe lake. Yeye hakujibu."

Fahadi alinakili zile sitini na tatu kwenye simu ya Joel, na mbele yake akaifuta ile moja, na kila alichokuwa ameifundisha ile mashine. Joel aliomba arudie kuonyeshwa kwamba haipo. Haikuwepo. Fahadi alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama bega kwa bega kama walivyozoea, na walipoagana hakuna aliyetaja siku ya kuonana.

Njia ya Visima lilitoka mwezi wa sita na linachezwa. Sauti ya Nyemo ni ya Asma, binti wa shangazi yake Fahadi, anayesoma uuguzi. Alirekodi sentensi zote sitini na nne kwa siku mbili.